Somo wetu sio kitenge tu

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wale wasio wa upande wetu habari zenu popote mlipo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba sana usiikate hii ukanibakizia kichwa na miguu, najua ni ndefu ila nimekaa nayo muda mrefu na ukiigawa vipande haitaeleweka. Jina langu na namba ya simu nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, hizo baki nazo wewe, mana kazi bado ninayo na ninaihitaji.

Wiki kadhaa nyuma msomaji mwenzetu aliandika hapahapa kwamba haya mambo ya kufuata mfano wa watakatifu tuwaachie mapadre na masista, wao hawalipi kodi ya nyumba, hawanunui luku, hawana ada za watoto, na hata hao watakatifu wenyewe ni watu wa zamani hawakuyajua maisha haya ya sasa. Mimi sitaki kubishana nae. Nlikuwa naamini hivohivo kwa miaka, tena nikiwa mwenyekiti wa jumuiya, yaani kile kikundi cha kaya za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, kwa hiyo namwelewa kabisa, ila nataka nimweleze kilichonitoa huko.

Nianzie kwenye kitenge.

Jumuiya yetu ndogondogo somo wake, yaani mtakatifu tunayebeba jina lake, ni Mtakatifu Kizito. Wanaojua mambo ya jumuiya wanajua, ikishapita Pasaka tu kamati inaanza vikao, sare ya sikukuu ya somo mwaka huu rangi gani, fundi nani, mchango wa pilau kiasi gani kwa kaya, soda kreti ngapi, mgeni rasmi tumwite nani mwenye uwezo. Kitenge cha mwaka ule kilikuwa na picha kubwa ya Kizito, sasa fundi hakuangalia alivyokuwa anakata, ikatokea sketi za kina mama zote picha imeangukia nyuma kwenye makalio, wakikaa kwenye benchi wanamkalia mtakatifu usoni. Tulicheka wote mpaka Padre. Sherehe ilikuwa nzuri, sina ubaya nayo kabisa. Ila kabla ya kula katekista wetu, yaani mwalimu wa dini, mzee mmoja mpole hana maneno mengi, akasimama akauliza swali moja tu, eti huyu Kizito alikuwa anafanya kazi gani? Kimya. Watu zaidi ya sitini wamevaa sare moja, kimya. Kuna mtoto akajibu, "Alikuwa mtakatifu." Tukacheka tena, alafu tukala.

Lile swali mimi lilinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Na angalia Kiswahili chetu kilivyo na akili. Somo ni yule mnayeitwa naye jina moja. Somo vilevile ni kitu cha kujifunza. Na kule pwani somo ni yule mama mtu mzima anayemfunda mwari, anamwambia ukifika kwa watu ukae hivi, useme hivi, jambo hili usikubali. Sasa sisi kwenye jumuiya tumechukua ile maana ya kwanza ya jina, tukalichapa jina kwenye kitenge, hizo mbili nyingine tumewaachia watoto wa kipaimara.

Turudi kwa swali la mzee. Jamani Kizito alikuwa kazini! Alikuwa kijana wa ikulu, mmoja wa wavulana waliokuwa wanamhudumia Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na Karoli Lwanga nae alikuwa mtumishi wa hukohuko, na juu yao kulikuwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe ambaye ndo alikuwa msimamizi wao. Huyu Mukasa watu hawamtaji sana na mimi ndo nampenda kuliko wote, kwa sababu alikuwa na nafasi nzuri, karibu na mfalme, angekaa kimya angekula maisha. Oktoba 1885 askofu Mwanglikana, Hannington, akauawa kwa amri ya Kabaka, Mukasa akaenda kumwambia mkuu wake kwamba hapa umekosea, na juu ya hilo alikuwa anawaficha wale wavulana wasifanyiwe uchafu na huyohuyo mkuu wake. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo akauawa. Lwanga akapewa wale vijana, na alichofanya ni kuendeleza alichoacha mwenzake, kuwakinga, mpaka akambatiza Kizito yeye mwenyewe usiku, mambo yalivyokwisha kuharibika, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto Namugongo. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu, wao na wenzao Wakatoliki, jumla 22, tarehe 18 Oktoba 1964, na tusisahau wapo na Waanglikana waliokufa kwenye moto uleule, moto haukuuliza dhehebu.

Kwa hiyo ile ishu iliyowaua ilitokea kazini. Mkubwa aliagiza kitu, wakasema hapana. Sio kwamba walikuwa mahali wanasali rozari wakavamiwa. Na utaona pia Lwanga hakuanzisha kitu chake, alimwangalia Mukasa alivyofanya akafanya hivo, na Kizito akamwangalia Lwanga. Ndo Paulo anasema kwa Wakorintho, mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo. Ndugu zetu wanaotuambia tunaabudu watakatifu wasome na Waebrania 13, pale pameandikwa iigeni imani yao. Basi hilo limeisha, tuendelee.

Najua msomaji atasema hao ni wa 1886. Sawa, nakuja kwa wa juzi.

Kulikuwa na kijana Goma anaitwa Floribert Bwana Chui bin Kositi. Jina la Kiswahili kabisa, Bwana Chui, na hiyo "bin" isikuchanganye, alikuwa Mkatoliki, Congo ya mashariki majina ndo yako hivo. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, akasoma sheria, na akiwa mwanafunzi akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei Wakatoliki kilichoanzia Roma. Pale Goma walikuwa wanakaa na watoto wa mitaani, wenyewe kule wanawaita maibobo, wanawafundisha, wanakula nao, na Floribert alikuwa mmoja wa waliowapenda sana hao watoto. Naomba uliweke akilini hilo la maibobo. Mwaka 2007 akapata kazi kwenye ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, yeye akawekwa upande wa mizigo iliyoharibika. Yaani kazi yake ilikuwa mzigo ukiingia Goma kutoka ng'ambo ya mpaka auangalie, kama umeoza aseme umeoza, ukateketezwe. Hiyo tu. Mtu wa kalamu na muhuri.

Akakuta shehena ya chakula kimeharibika, mchele. Wenye mzigo wakaja na hela ili aupitishe. Akakataa. Wakaongeza. Akakataa. Simu zikaanza kupigwa, na nyingine zinatoka kwa wakubwa, unajua zile simu, hakutishi mtu, anakwambia tu kijana kuwa na busara. Akamwendea sista mmoja rafiki yake, huyo sista ni daktari, akamuuliza mtu akila kitu kama hiki kinamfanya nini. Na akamwambia kwamba hiyo hela itaisha haraka tu, sasa wale watakaokula ule mzigo watakuwa wageni wa nani? Alafu akajiuliza, hivi naishi kwa ajili ya Kristo au siishi kwa ajili yake. Tarehe 7 Julai 2007 wakamteka. Tarehe 9 mwili wake ukaokotwa, una alama za mateso. Alikuwa na miaka 26 na pale kazini alikuwa na miezi tu, hata hajazoeleka.

Papa Fransisko alipokwenda Congo 2023 alimtaja mbele ya vijana kwenye uwanja wa Kinshasa, akasema huyu angeweza kufumba macho, hakuna ambae angejua, na pengine angepanda hata cheo. Sasa hayo maneno ndo yalinimaliza, nitaeleza kwa nini. Kisha Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenyeheri, hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu, Roma, kwenye Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Goma kwenyewe ilikuwa iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwezi wa kwanza mwaka huo, kwa hiyo mji wake ulibaki unasikiliza kwa mbali.

Mimi nilisikia kwa redio nikiwa stoo. Mana mimi ni stokipa, Ndugu Mhariri. Shule ya bweni, Kanda ya Ziwa, sitataja ni ipi.

Kazi ya stokipa watu wanaidharau lakini ngoja nikwambie, hakuna ugali unaoliwa pale shuleni ambao haujapita kwenye kalamu yangu. Mzabuni analeta mzigo, dereva anakupa kitabu cha delivari, unahesabu gunia, unatakiwa upime baadhi, utie kijiti ndani utoe unga uuangalie na uunuse, alafu unasaini umepokea. Ukishasaini hapo mzabuni anaenda kudai malipo na ule unga ni mali ya shule, hata uwe na nini ndani yake.

Ijumaa moja gari ilikuja saa kumi na moja jioni. Zinakuja saa hizo makusudi, mhasibu ameondoka, mwalimu wa zamu yuko uwanjani, vibarua wanataka kwenda. Gunia za unga sitini na maharage ishirini. Nikatia kijiti gunia la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu unga ukatoka umeshikana mabonge, una rangi kama ya jivu la mvua, na harufu ile ambayo mtu akishaijua haisahau. Maharage nusu yamebunguliwa. Nikamwangalia yule kijana wa mzabuni. Hakusema kitu. Akanipa kitabu cha delivari nisaini, nafungua ukurasa nakuta bahasha imelala pale katikati kama karatasi ya kaboni, akasema, "Mzee, ya soda hiyo."

Elfu themanini.

Nimejaribu sana kukumbuka niliwaza nini na kusema kweli sikuwaza kitu kikubwa. Sikupigana na shetani wala nini. Niliwaza kwamba jua linazama, niliwaza nikikataa lazima nimpigie bosi na bosi ndo alimleta mzabuni huyu, niliwaza wapishi watachekecha. Nikasaini. Pale kwenye hali ya mzigo nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Nzuri." Wiki ile wanafunzi kumi na kitu waliumwa matumbo. Inawezekana ni unga, inawezekana ni maji ya kisima, nesi alisema maji, na mimi nilishika la maji nikalikumbatia. Mpaka leo sijui. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, haina king'ora, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya ndani kwao, walikula tu chakula cha kila siku.

Na ile elfu themanini ilienda wapi? Hapa ndo nataka msomaji anisikilize. Mama watoto alikuwa ananidai hela ya sare. Nikalipa kitenge changu na chake, fundi, na mchango wa pilau wa kaya yetu. Kwa hiyo ile siku katekista anauliza Kizito alikuwa anafanya kazi gani, mimi nimekaa benchi la mbele, mwenyekiti, nimemvaa Kizito mwili mzima kwa hela ya unga mbovu wa watoto wa umri wake. Miaka 14. Kidato cha kwanza na cha pili wana miaka hiyo.

Nilisoma enzi ambazo tulikuwa tunaimba mstarini rushwa ni adui wa haki, naweza kuisema hata usingizini. Na kwenye jumuiya nimeongoza sala dhidi ya rushwa mara nyingi, tena kwa sauti, nikiwaombea viongozi wa serikali. Kila tukisema rushwa tunamwombea mtu mwingine, trafiki, hakimu, waziri. Sijawahi kusikia mtu anasema tuombee stokipa.

Basi nilivyomsikia Floribert kwenye redio, mtu wa kalamu na muhuri, nikakaa chini juu ya gunia. Sababu sikuweza kusema hiyo ni ya zamani, wala ni ya Ulaya, wala ni ya mapadre. Ni kazi yangu. Na nilielewa kitu kuhusu wale maibobo. Watu wanasimulia ushujaa wake wa siku zile mbili tatu za mwisho kana kwamba uliota usiku mmoja. Yule alikuwa amekaa na watoto wenye njaa miaka, anawajua kwa majina, mzigo mbovu ulipokuja hakuona mchele, aliona nani ataula, mana anayenunua mchele wa bei ya kutupa mjini ni maskini na anayeokota makombo ni maibobo. Mimi watoto wa shule nlikuwa nawaona kwa dirisha la stoo tu, wakipita na sahani. Nilijua idadi yao kwa ajili ya kugawa kilo, sikujua jina hata moja. Nadhani hapo ndo tulipotofautiana mimi na yeye hata kabla ya bahasha.

Nikaanza na hilo, sio kwa akili nyingi, nilikuwa sijui niseme nini basi nikaanza kwenda kukaa bwaloni mchana. Nakula kile wanachokula. Hata hilo limenifundisha mengi, kwanza kwamba chumvi ilikuwa inaibwa.

Mzigo uliofuata ulikuja mwezi wa nane. Saa kumi na moja, kama kawaida. Mvua ilikuwa imewapiga njiani, turubai limetoboka, gunia kumi na nne zimelowa. Bahasha ipo palepale ukurasani. Sasa wasomaji mtataka nikwambieni nilisimama nikasema kwa jina la Mwenyeheri Floribert ondoka. Hapana. Mikono ilinitoka jasho mpaka kalamu ikateleza. Nikamrudishia bahasha nikamwambia dogo hii chukua, nikaandika, "Zimepokelewa 46, zilizolowa 14 zimerudishwa." Maneno machache hivo. Dereva alitukana tusi ambalo gazeti lako haliwezi kuchapa. Jioni bosi akanipigia, akaniuliza wewe siku hizi umekuwa mlokole? Nikasema mimi Mkatoliki mkuu. Akakata.

Mpaka leo hawajanifukuza. Hawajanisifu pia. Posho ya safari iliyokuwa inakuja kwangu inaenda kwa mwingine, na kuna mkutano wa manunuzi siitwi tena. Hakuna aliyeniteka, hakuna aliyenipiga. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia mfiadini wanakata tamaa palepale, wanasema mimi siwezi kufa nina watoto, na kumbe wengi wetu hatuombwi kufa, tunaombwa tukose posho. Yeye alilipa yote, mimi nimelipa ya basi la kwenda Mwanza. Lakini naona ni dirisha lilelile la kulipia.

Nijibu na yale maneno mengine mawili ambayo najua yatakuja. La kwanza, mshahara mdogo. Ni kweli, mdogo sana, na waajiri wengine wanalipa mtu kidogo makusudi wakijua atajazia mwenyewe, hilo ni dhambi yao na sitawatetea. Wale askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini aliwaambia mtoshewe na mishahara yenu, na mimi nikiwa nasoma mstari huo huwa nasema Yohana alikula nzige, hakuwa na ada. Nacheka alafu nasaini kwa haki hivohivo. La pili, usipochukua wewe atachukua mwingine. Hili nimelisema mimi mwenyewe mara nyingi mno na ni la kweli, mwingine anaweza akachukua. Ila siku hiyo saa kumi na moja jioni mwingine hayupo, kitabu kiko mkononi mwako.

Sasa nije kwa Kanisa, na nisamehewe na mapadre, nasema kama mtoto wa nyumbani. Nyie wachungaji wetu mmetupa masomo wazuri, mmetuambia tarehe zao, tumejenga vigango kwa majina yao. Lakini kazi zetu hamzijui. Padre anajua nani ameoa kanisani na nani hajaoa, anajua nani hajalipa zaka, hilo linasomwa mbele za watu kabisa jumuiya kwa jumuiya. Hajui kwamba yule mwanakwaya ni wa mizani barabarani, yule mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anauza dawa zilizokwisha muda kwa sababu tajiri wake anamlazimisha na analia usiku. Hatuulizwi. Na mgeni rasmi akija na bahasha nene ya ujenzi tunampigia vigelegele, hatuiangalii ilikotoka wala kuinusa kama mimi na kijiti changu. Wenzetu Kenya Novemba 2024 jimbo kuu la Nairobi lilikataa mamilioni ambayo Rais wao alitoa parokiani siku ya Jumapili, wakasema zirudishwe. Sijui kama sisi tuna ubavu huo, tena hata kwa diwani tu.

Hata kwa Mwalimu Nyerere naona tunaenda njia ileile. Mchakato wake wa kutangazwa mtakatifu jimbo la Musoma lilishaufungua tangu 2005, kila tarehe 1 Juni mahujaji wapo Namugongo wanamwombea, na mimi naomba sana afike. Lakini naogopa siku akifika tutamchapa kwenye kitenge na fimbo yake, tule pilau, na anayeiba dawa za zahanati awe mwenyekiti wa kamati ya maandalizi.

Ombi langu ni dogo. Tunapokutana Jumamosi kwa ajili ya Neno kila mmoja anashirikisha, na sote tunasema vilevile, "Neno limenigusa, tumtegemee Mungu." Naomba mara moja kwa mwezi tu, baada ya kusoma maisha ya somo, sio jina lake, maisha, tuulizane kazini wiki hii imekuwaje. Wa bodaboda aseme, wa hospitali aseme, mama wa sokoni mwenye mizani iliyotiwa sumaku aseme kama ana nguvu. Na watu wasichekwe. Na yatakayosemwa yasisomwe mbele za parokia. Tukishajua mwenzetu Ijumaa jioni atakuwa peke yake na gari la mzabuni, angalau wawili waende kukaa nae pale wanywe chai, mana bahasha inaogopa mashahidi. Mukasa alikuwa na Lwanga, Lwanga alikuwa na Kizito, hata Floribert alikuwa na yule sista wa kumuuliza. Mimi ile Ijumaa ya kwanza nlikuwa mwenyewe, na nilikuwa mwenyewe kwa sababu hakuna mtu kwenye jumuiya nzima aliyejua stokipa anafanya nini.

Kumbukumbu ya Mwenyeheri Floribert ni tarehe 8 Julai, mwezi mmoja na siku chache baada ya Kizito wetu. Nimeshamwambia Padre kwamba mwaka huu kwa upande wa jumuiya yetu siku hiyo tusishone kitu. Akasema atafikiria. Mama wa kamati ya sare amenuna.

Jumamosi hii jumuiya inakutana kwangu. Mama watoto nimeshamweleza yote, hela ya kitenge ilitoka wapi, alikaa kimya muda mrefu sana alafu akaenda akakitoa chake kabatini akakikunja akakiweka juu ya changu. Hatujajua tutavifanyia nini, yeye anasema turudishe elfu themanini yake kwa kununua maharage ya shule, mimi naona aibu kununua maharage kwa yule yule mzabuni, hapo ndo tulipofika. Zamu ya kushirikisha Neno inaanza na mwenye nyumba, kwa hiyo nitakuwa wa kwanza.

Ni mimi,
Stokipa, Kanda ya Ziwa